Umugeni si Mgeni: Arusi za Dini Mbili katika Mwambao wa Rumonge

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anayesomesha wanafunzi Warundi hukutana mapema na neno linaloleta kicheko darasani. Akisema kwamba jana nyumbani kwake alifikiwa na mgeni, wanafunzi hutazamana, kwa kuwa kwa Kirundi umugeni ni bibi arusi. Mtu aliyekuja kuzuru wao humwita umushitsi. Mwalimu mwenye haraka husahihisha na kuendelea na somo. Asiye na haraka hutambua kwamba maneno haya mawili ni ndugu wa shina moja la Kibantu, na kwamba Kirundi kimehifadhi fikra ya kale: mwanamke anayeolewa ni mtu atokaye nje, naye huingia katika nyumba ambayo bado haijawa yake.

Makusudio ya makala haya ni kuifuata fikra hiyo katika historia ya mahali pamoja, yaani Rumonge na mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, katika jambo moja hasa: mkutano wa ukoo pale kijana wa kiume anapooa nje ya dini na desturi za wazazi wake. Yamkini wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la nyumbani, lisilostahili kuingizwa katika tarikhi. Lakini jamii ya Waswahili wa mwambao huo ilizaliwa kwa ndoa za namna hiyo, na kila serikali iliyotawala huko ililazimika kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya Rumonge hana budi kuhudhuria arusi zake.

Watu wa mwambao

Rumonge uko katika nchi tambarare ya Imbo, takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Upande wa magharibi ni ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Upande wa mashariki ardhi hupanda ghafula kuelekea nchi ya baridi ya Bururi. Watu wa chini huvua ndagala na mukeke na kukamua mawese. Watu wa juu hulima na kufuga ng'ombe. Tangu zamani pande hizi mbili zimehitajiana, kwa samaki, chumvi na mafuta kwa upande mmoja, na nafaka na mifugo kwa upande wa pili.

Wafanyabiashara wa pwani ya Bahari ya Hindi walifika Ujiji karibu na mwaka 1840. Burton na Speke walipowasili hapo mwezi Februari 1858 walikuta njia ya misafara imekwisha kuzoeleka. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini kwa kufuata mwambao, ikitua katika vijiji ambavyo leo ni miji ya Nyanza-Lac na Rumonge, hadi Uvira. Wengi wa watu hawa wa misafara hawakuwa Waarabu, bali Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa makabila mengine waliokuwa wapagazi, askari, mafundi, au watumwa waliopata uhuru wao. Walivaa kanzu, wakajiita waungwana, wakasali kwa Kiarabu na kusema Kiswahili.

Wengi wa watu hao walisafiri bila wake. Waliokaa walioa hapo walipokaa, nao hawakuweza kuoa pasipo kukubaliwa na wenyeji. Hivyo katika kizazi cha kwanza kila arusi ya Mswahili wa ziwa ilikuwa arusi ya watu wa desturi mbili. Watoto wao walikuwa na jina la baba katika dini na wajomba katika vilima. Anayeuliza Waswahili wa Rumonge walitoka wapi asiishie kutazama baharini. Atazame pia nyuma ya mji, kwenye milima walikotoka bibi zao.

Haifai hata hivyo kuipamba historia hii. Biashara ile ile iliyoleta kanzu na ushanga ilileta pia minyororo. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitawala biashara ya Ujiji na kusukuma nguvu zake kaskazini mwa ziwa. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia asiingie ndani ya Burundi. Wako wanawake waliokuwa wake kwa posa na mahari, na wako waliochukuliwa bila ya kuulizwa wao wala wazazi wao. Kumbukumbu ya hao wa pili ni sehemu ya sababu iliyowafanya watu wa vilimani, kwa muda mrefu, wamtilie shaka kila mposaji aliyepanda kutoka ziwani.

Mtoto wa mwaka 1881

Dini ya Kikristo nayo ilifika Burundi kwa njia ya ziwa, na mahali pa kwanza ilipotua ni Rumonge. Wamisionari wa Afrika, wanaoitwa Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwezi Januari 1879, na katika mwaka huo huo wakafungua kituo Rumonge. Kazi yao mojawapo ilikuwa kuwakomboa watoto watumwa kwa mali na kuwalea katika imani yao. Kituo hicho hakikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei d'Hoop waliuawa hapo, katika ugomvi uliozuka juu ya mtoto mmoja waliyekuwa wamemkomboa. Waliobaki waliondoka, na misheni za kudumu hazikuanzishwa nchini hadi Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, mbali sana na ziwa.

Tukio hili husimuliwa kwa kawaida kama habari ya mashahidi, au kama habari ya wenyeji waliotetea nchi yao. Kwa makusudio yetu lafaa kusomwa kwa namna nyingine. Swali lililomwaga damu Rumonge mwaka 1881 lilikuwa: mtoto huyu ni wa nani? Je, ni wa aliyemkomboa kwa mali, au wa watu wa nchi aliyokaa? Swali hilo halikuzikwa pamoja na wale watu watatu. Ndilo lile lile linaloulizwa, kwa sauti ya chini na kwa maneno ya adabu, kila mara wazee wa dini mbili wanapoketi mkekani kuzungumzia posa.

Mswahili wa Wajerumani na Mswahili wa Wabelgiji

Chini ya Wajerumani, ambao mkataba wao na Mwezi Gisabo ulifanywa Kiganda mwaka 1903, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya makarani na ya soko. Kijana wa Kiswahili aliyekuwa askari au karani alikuwa mposaji mwenye cheo. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walibadili mambo. Walitawala kwa kupitia Mwami na machifu wake, na Mswahili hakuwa na mahali katika mpango huo, kwa kuwa hakuwa chini ya chifu yeyote. Alitengewa makazi nje ya mamlaka ya kimila, Buyenzi mjini Usumbura ukiwa mfano unaojulikana zaidi. Misheni kwa upande wao zilifundisha kwa Kirundi, na zilikitazama Kiswahili kama mlango wa Uislamu.

Mambo haya yaliacha alama katika lugha. Katika usemi wa Kirundi, kumwita mtu Mswahili kulikuja kuwa na maana ya mjanja, asiyeaminika, mtu wa mji asiye na kilima cha kuzaliwa. Fikiri basi hali ya baba wa vilimani ambaye binti yake anaposwa na kijana wa Rumonge. Haulizwi tu kama dini ya kijana inamridhisha. Anaulizwa kama yuko tayari jirani zake waseme kwamba amemwoza mwanawe kwa mtu asiye na kwao. Na kijana naye, ambaye bibi mzaa baba yake huenda alitoka kilima cha jirani, huhesabiwa mgeni katika nchi ya wajomba zake.

Ni katika miaka ya kudai uhuru ndipo pazia hili lilipoanza kufunuliwa. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alipata wafuasi wengi na hodari miongoni mwa Waswahili wa Buyenzi. Yeye mwenyewe, mwana wa Mwami Mwambutsa, alioa mwezi Septemba 1959 mwanamke ambaye si wa ukoo wa kifalme, Marie-Rose Ntamikevyo, na ndoa hiyo ya mwana wa Mwami na binti wa Kihutu ilitazamwa na wengi kama sehemu ya siasa yake ya umoja. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, wala hakuishi kuuona uhuru wa mwaka uliofuata.

Ndoa moja, sheria nne

Tuseme sasa kijana wa Kiislamu wa Rumonge anataka kumwoa msichana Mkatoliki wa vilimani. Sheria zinazomngojea si moja.

Ya kwanza ni mila ya Kirundi. Watu wa upande wa mume hupanda kwenda kwa wazazi wa msichana kufanya kile kiitwacho gufata irembo, yaani kushika lango. Wasemaji wa pande mbili hujibizana kwa mafumbo, kisha hufuata inkwano, mali ya posa, ambayo zamani ilikuwa ng'ombe au majembe. Siku hizi mara nyingi ni fedha, ingawa wasemaji huendelea kuitaja kwa jina la ng'ombe. Inkwano hupewa baba wa msichana, nayo ndiyo inayowatia watoto katika ukoo wa mume. Mswahili haoni shida katika hayo, maana desturi za kwao zinafanana: posa hupelekwa na wazee, na kuna kilemba cha wazee wa mke na mkaja wa mama yake.

Ya pili ni sheria ya Kiislamu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 5, Kurani inamhalalishia mwanamume Mwislamu mwanamke aliye katika watu waliopewa Kitabu. Mtu angedhani basi kwamba njia ni nyeupe. Lakini Waislamu wa Afrika Mashariki wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na vitabu vya madhehebu hayo huweka sharti: mwanamke asiye wa Bani Israili huhesabiwa katika watu wa Kitabu endapo wazee wake waliingia dini hiyo kabla ya kuja Uislamu. Warundi walianza kubatizwa karne moja tu na zaidi kidogo iliyopita. Ndiyo maana shehe anayefuata vitabu kwa makini hupendelea bibi arusi atamke shahada kwanza, japokuwa aya yenyewe haikulitaja jambo hilo. Isitoshe, mahari katika Uislamu ni haki ya mwanamke mwenyewe, kama isemavyo Sura ya An-Nisaa, aya ya 4. Yaani msichana huyo huposwa kwa malipo mawili: moja linalokwenda kwa baba yake, na jingine ambalo hapana mtu mwenye haki ya kuligusa ila yeye.

Ya tatu ni sheria ya Kanisa. Mkatoliki haoani na asiyebatizwa pasipo ruhusa maalumu ya askofu. Kwa kanuni za mwaka 1917 wote wawili walipaswa kuahidi kwamba watoto wote watabatizwa na kulelewa Kikatoliki, na ndoa yenyewe ilifungwa nje ya kanisa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1970 ulilegeza mambo: sasa anayeahidi ni yule Mkatoliki peke yake, tena huahidi kufanya yote awezayo, na mwenzake hujulishwa tu ahadi hiyo. Kanuni mpya za mwaka 1983 zilithibitisha hayo, na zikakubali ndoa ya namna hiyo ifungwe kanisani au mahali pengine panapofaa. Lakini zilikataza jambo moja waziwazi: isifanyike ibada ya pili, kabla wala baada, ya kuoana upya kwa dini nyingine.

Ya nne ni sheria ya dola. Kwa kanuni za watu na familia za mwaka 1980, zilizorekebishwa tarehe 28 Aprili 1993, ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya ofisa wa serikali. Mume awe na miaka 21, mke 18, na mke wa pili haruhusiwi. Hapa ndugu wa ng'ambo ya mpaka huleta mkanganyiko. Kule Kigoma, chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa na shehe au na padre yaweza kuwa ndoa halali ya kisheria, na mitala imeruhusiwa kwa masharti. Mzee aliyetoka Kigoma kuja kuhudhuria arusi ya mwana wa nduguye Rumonge hustaajabu kuona kwamba nikahi iliyosomwa mbele ya mashahidi wote hao si kitu mbele ya komini. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwataka watu wote waishio pamoja bila ndoa ya kisheria wakaihalalishe kabla ya mwaka kwisha. Aliyekuwa na nikahi peke yake, bila ya cheti cha komini, alihesabiwa miongoni mwao.

Mtoto ni wa nani?

Tukizilinganisha sheria hizi tutaona kilichofichika. Mila ya Kirundi yasema mtoto ni wa ukoo wa baba. Uislamu wasema mtoto hufuata dini ya baba yake Mwislamu. Kanisa lasema mama Mkatoliki ameahidi kujitahidi ambatize. Katika ndoa ya kijana Mwislamu, mila na msikiti husimama upande mmoja, na ahadi ya mama husimama peke yake. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, iliyofanya katika mwambao huu bibi arusi ndiye aliyebadili dini mara nyingi zaidi, akachukua jina jipya, bila kulazimishwa na mtu yeyote kwa mkono. Hakushindwa na hoja za dini. Alielemewa na uzito wa mila mbili zilizokubaliana juu yake.

Kijana akiwa ni Mkatoliki na msichana Mwislamu, mizani hugeuka. Mila na Kanisa huwa upande wa kijana, lakini mafakihi wa Kiislamu wamekubaliana kwamba binti Mwislamu haozwi kwa asiye Mwislamu. Basi ama kijana hutamka shahada, ama binti hutoka katika nyumba ya wazazi wake bila ya radhi. Na kijana akisilimu, ukoo wake wa vilimani hukusanyika kusherehekea arusi ambayo ndani yake umempoteza mwana. Wanaohudhuria mikusanyiko hiyo hukumbuka zaidi nyuso za mama wazazi kuliko nyimbo.

Kazi ya karamu

Kwa kuwa Kanisa halikubali ibada mbili, wala shehe hana haja ya padre, arusi ya dini mbili kwa maana kamili haipo. Iliyopo ni ndoa moja na karamu mbili. Ni lazima upande mmoja ukubali kwamba agano halikufungwa kwao. Ndiyo maana mkusanyiko wa familia, ambao katika arusi nyingine ni furaha tu, katika arusi hii ni kazi. Upande usiopewa ibada hauna budi kupewa heshima mahali pengine.

Wazee wa Rumonge wamejifunza kazi hiyo kwa vizazi vingi, na mambo madogo ndiyo huonyesha ustadi wao. Mchinjaji huwa Mwislamu, ili nyama iliwe na wote pasiwe na sahani za kubaguana. Pilau hupikwa, lakini ndizi na maharage ya vilimani hayakosekani, na mukeke hutolewa ili wakwe waonje mali ya ziwa. Jambo gumu ni pombe. Kwa Mrundi wa vilimani, mtungi wenye mirija ndio hati ya makubaliano. Mkutano wa wakwe bila ya kinywaji hicho ni kama haukufanyika. Kwa Mwislamu ni haramu kuinunua. Ufumbuzi uliozoeleka ni kila karamu kufuata mwenye nyumba: kule vilimani wakwe hunywa chao na Waislamu hupewa soda, na huku Rumonge wote hunywa soda na chai, wala hakuna anayechungulia vikombe vya mwenzake. Msemaji wa upande wa mume, awapo Mwislamu, bado hujua kutoa hotuba ya Kirundi yenye ng'ombe, malisho na lango. Huo ndio ufunguo. Mtu anayejua mafumbo ya wakwe zake hahesabiwi tena mtu asiye na kwao.

Lugha nayo huwakumbusha kwamba hawako mbali mno. Mkwe wa Kiswahili ni umukwe wa Kirundi, na arusi yenyewe kwa Kirundi ni ubukwe. Kwa Kirundi umuryango ni mlango wa nyumba, tena ni ukoo. Na Kiswahili cha zamani nacho kiliuita mlango ukoo wa watu waliotoka nyumba moja. Nikahi, mahari na arusi tulivipokea kutoka kwa Waarabu. Sakramenti ilikuja na wamisionari. Lakini neno la ukwe hatukulipokea kwa mgeni yeyote. Lilikuwapo kabla ya msikiti na kabla ya kanisa.

Mwaka 1972 na baada yake

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac ni miongoni mwa mahali ulipoanzia. Waasi waliwaua Watutsi wengi wa sehemu hizo. Kisha serikali ya Micombero ikalipiza kwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kupita 200,000. Watu wa mwambao walikimbilia Tanzania, wengi wao wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Mashamba yao ya michikichi yalipewa wengine.

Katika mauaji yale ukwe uliwaokoa baadhi na kuwaangamiza wengine, maana kuwa na shemeji wa upande wa pili kuliweza kuwa kimbilio, na kuliweza vilevile kuwa ushahidi wa hatia. Familia zilizochanganyika zilikatwa katikati na ziwa. Watoto waliozaliwa makambini walikua wakisema Kiswahili kama lugha ya kwanza, nao hawakuwa Waislamu. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilianza kuwapa uraia takriban watu 162,000 miongoni mwa wakimbizi wale. Wengine walirudi kwao, hasa tangu 2008, wakakuta wageni katika mashamba ya baba zao. Kesi za ardhi zikajaa Rumonge na Nyanza-Lac.

Basi hali ilipinduka. Mrundi Mkristo aliyezaliwa Katumba aliporudi Rumonge aliitwa Mswahili kwa sababu ya ulimi wake, na pengine aliyemwita hivyo alikuwa mtu aliyehamia hapo baada ya 1972. Vijana wa pande hizo mbili walipooana, wazee waliokutana kwenye karamu walikuwa wale wale waliokutana mbele ya tume ya ardhi. Ninayoyaita mambo ya desturi mbili hayaishii katika msikiti na kanisa.

Mjane na shamba

Hatuna budi kusema pia mahali ambapo karamu haitoshi. Burundi imeacha urithi wa ardhi katika mikono ya mila, na mila huwapa wana wa kiume. Sheria ya Kiislamu humpa mjane mwenye watoto thumni ya mali, na asiye na watoto robo. Lakini mjane ambaye si Mwislamu hamrithi mume Mwislamu. Mwanamke aliyeolewa kwa aya ya Al-Maida, akabaki na dini yake kwa ridhaa ya wote, aweza siku ya msiba kuambiwa kwamba hana fungu. Yule aliyekaa miaka thelathini akipika pilau ya Idi na kuwapeleka watoto chuoni hugeuka tena kuwa mgeni katika siku arobaini.

Dawa zipo, nazo hazivunji dini ya mtu. Mume aweza kumuusia mke huyo mpaka thuluthi ya mali, kwa kuwa wasia huandikwa kwa asiye mrithi. Aweza kumpa mali katika uhai wake. Mahari yake alipwe yote, yasibaki deni la maneno. Na cheti cha komini kitunzwe, maana ndicho ngao yake ya kwanza mbele ya hakimu. Wazee wanaojua kuzungumza saa sita juu ya idadi ya ng'ombe wangeweza kutenga nusu saa kwa mambo haya, wakati wote wako hai na nyama iko jikoni.

Hitimisho

Tangu watu wa misafara ya Ujiji walipotua, mwambao wa Rumonge umejengwa na watu waliooa nje. Wamisionari watatu walikufa hapo kwa swali la mtoto. Wabelgiji waliwatenga waliokwisha kuchanganyika. Mwaka 1972 uliwakata. Na sheria za dini na dola hazijapata kukubaliana. Walichofanya wazee wa Rumonge katika muda wote huo ni kuwaalika wakwe, kuwachinjia, na kuwajibu kwa lugha yao. Mahali walipokubali kuuliza waziwazi mtoto atakuwa wa nani na mjane atakula wapi, nyumba zilisimama. Mahali walipoona haya kuuliza, karamu ilikuwa nzuri na msiba ukawa mbaya.

Kwetu sisi walimu somo liko karibu. Sensa ya Burundi ya mwaka 2008 iliwahesabu Waislamu kuwa kiasi cha asilimia 2.5 tu ya watu, lakini tangu nchi hiyo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 Kiswahili kimezidi kuwa lugha ya wanafunzi wa dini zote. Siku wanafunzi watakapocheka tena kwa neno mgeni, tusiwanyamazishe. Tuwaeleze kwamba lugha moja imemwita hivyo mtu anayekuja kwa siku tatu, na nyingine imemwita hivyo mtu anayekuja kukaa na kuzaa. Kisha tuwatume nyumbani wakawaulize bibi zao walitoka kilima gani.